Selo, Sauti Nene Chini ya Wimbo

Fidla ni chombo kidogo cha muziki chenye nyuzi nne. Mpigaji huiweka begani, chini ya kidevu, na kuzikwaruza nyuzi kwa upinde uliofungwa singa za mkia wa farasi. Fidla ina ndugu yake mkubwa, jina lake selo. Mpiga selo huketi kitini na kuishika katikati ya magoti. Nyuzi zake ni ndefu na nene, kwa hiyo hutetemeka polepole. Ndiyo sababu sauti ya selo ni nene kama ya baba, na ya fidla ni nyembamba kama ya mtoto.

Wengi hudhani ya kuwa selo ni chombo cha matajiri, cha kusikilizwa kimya katika majumba ya mjini. Sivyo. Zamani huko Uskoti, kaskazini mwa kisiwa cha Britania, selo ilipigwa katika ngoma za vijijini.

Mwaka wa 1727 alizaliwa huko Niel Gow. Alifundishwa kazi ya kufuma nguo, lakini fidla ndiyo iliyompa sifa. Ndugu yake Donald alipiga selo pamoja naye. Mwaka wa 1780 David Allan alichora picha ya arusi ya watu wa milimani. Picha hiyo ipo hata leo. Watu wanacheza, Niel anapiga fidla, na Donald yuko karibu naye na selo yake.

Kazi ya Donald ilikuwa nini? Fidla iliimba wimbo. Selo ilishika mwendo, kama goma kubwa linavyowaongoza wachezaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Waskoti wengi walihamia Marekani na nyimbo zao. Huko pia, katika nchi ya New England, makanisa mengi ya Waprotestanti hayakuwa na kinanda. Basi chombo cha jamii ya selo kiliongoza sauti za waimba zaburi.

Baadaye piano na akordioni zikachukua kazi ya selo katika ngoma. Vijana hawakufundishwa tena, na ufundi ule ukasahauliwa. Lakini vitabu vilibaki. Niel Gow alikuwa amechapisha nyimbo zake mwaka wa 1784, na chini ya kila wimbo iliandikwa sauti ya selo. Maandiko yalikuwapo, mikono ndiyo iliyokosekana.

Ndipo Mskoti mmoja mpiga fidla, Alasdair Fraser, alipotaka kuirudisha selo mahali pake. Alikuwa na shule ya fidla huko California, Marekani. Msichana mmoja, Natalie Haas, alifika hapo akiwa na miaka 11, naye alipiga selo. Fraser akamtia moyo. Mwaka wa 2004 wakatoa pamoja rekodi iitwayo Fire & Grace, nayo ikapewa tuzo huko Uskoti.

Ufundi wa mababu hufa mtoto asipofundishwa. Huamka tena mwalimu na mwanafunzi wanapokutana.

Maswali
1. Kwa nini sauti ya selo ni nene?
2. Katika ngoma, fidla ilifanya nini, na selo ilifanya nini?
3. Ni nini kilichoutunza ufundi wa selo uliposahauliwa?
4. Taja ufundi mmoja wa wazee wa kwenu. Nani anaujua? Nani anajifunza kwake?