Elimu Iliyotoka Kwetu Itafutwe Maktabani

Mwezi wa Novemba 2018, Ebola ilipokuwa imeenea Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, na taharuki imewashika watu, matabibu walianza kuzipima dawa 4 kwa wagonjwa waliolazwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Na mwaka uliofuata matokeo yakatangazwa katika jarida la New England Journal of Medicine, yakidhihirisha kwamba mAb114 na REGN-EB3 ziliokoa roho nyingi kuliko ZMapp, iliyokuwa ndiyo kigezo. Elimu hiyo ilitokana na wagonjwa 681 wa vituo vyetu, lakini iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwanafunzi wa uuguzi atokaye Kyavinyonge, ufukoni mwa Ziwa Edward, husomeshwa kwa Kifaransa na huwauguza jamaa zake kwa Kinande na Kiswahili.

Majarida ya tiba ni ghali mno, ila upo mlango: Hinari, mpango uliofunguliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mnamo Januari 2002, na Kongo ni miongoni mwa nchi zisizotozwa ada. Walakini mlango huo haufunguliwi kwa mtu mmoja mmoja. Sharti chuo kijiandikishe, na nywila huwa amana ya mkutubi.

Hata aliyekwisha kuingia huhitaji maarifa ya kutafuta. Mwanafunzi aandikaye "paludisme" katika PubMed, hazina ya mtandaoni ya muhtasari wa makala za tiba, huambulia makala machache, na akiandika "malaria" peke yake hugharikishwa na maelfu. Lakini akiifungamanisha "malaria" na "Congo" kwa neno AND, huyapata yanayomhusu. Istilahi za Kiingereza zikimshinda, taasisi ya Ufaransa ya Inserm imekwisha kuzifasiri kwa Kifaransa. Akikuta muhtasari mtupu, asikate tamaa: aangalie kwanza PubMed Central, kusikotozwa kitu, kisha Hinari, kisha amwendee mkutubi. Fauka ya hayo, atazame mwaka wa chapa, kwa maana kitabu cha mwaka 2017 hakiwezi kumwambia kwamba ZMapp imepitwa.

Kwa hiyo wakuu wa vyuo vya afya vya Butembo na Beni na wakiandikishe kila chuo kisichoandikishwa, tena wampe mkutubi saa zake katika ratiba ya mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa sindano wala mgonjwa.