Je, Wajua? Kanisa la Moravian lilianza kabla ya Luther

Ruanda, wilayani Mbozi, jina Moravian si geni. Wanaojua kwamba jina hilo linatokana na Moravia, eneo la Jamhuri ya Cheki ya leo, ni wachache. Mizizi ya kanisa hilo ni mikongwe kuliko Mageuzi ya Martin Luther ya mwaka 1517.

Padri Jan Hus wa Prague alihubiri kwa Kicheki na kukemea uuzaji wa msamaha wa dhambi. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto akiwa hai mjini Konstanz. Mwaka 1457, baadhi ya walioshika mafundisho yake wakaunda Umoja wa Ndugu.

Waliteswa sana. Biblia yao ya Kicheki, yenye juzuu sita, ilianza kutoka mwaka 1579 katika kiwanda cha uchapaji kilichofichwa kijijini Kralice. Waprotestanti walioasi waliposhindwa vitani karibu na Prague mwaka 1620, viongozi 27 wa uasi waliuawa hadharani. Askofu wao Jan Amos Komenský, mwalimu mahiri aliyewatungia watoto kitabu cha masomo chenye picha, alifia uhamishoni Uholanzi mwaka 1670.

Mwaka 1722 wakimbizi wa Umoja huo kutoka Moravia wakapata hifadhi Ujerumani, kwenye ardhi ya Nikolaus von Zinzendorf, wakajenga Herrnhut. Inastaajabisha kwamba miaka kumi tu baadaye, watu hao waliokosa kwao walituma wamisionari kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, Karibi.

Rungwe, wamisionari wa kanisa hilo walifika mwaka 1891. Kutoka huko wakaingia Mbozi.