Utulivu usiokimbia: Funzo la rabi wa Warsaw

Mtu ameketi, macho yake yako kwenye mshale wa saa. Mshale unasogea taratibu mno hata jicho halitambui. Anachokiona ni fikra zake mwenyewe zikipita: deni, ugomvi wa jana, hofu ya kesho. Hazifukuzi wala hazifuati. Ndivyo Rabi Kalonymus Kalman Shapira wa Piaseczno, karibu na Warsaw nchini Poland, alivyowafundisha wanafunzi wake miaka ya 1930. Zoezi hilo aliliita hashkata, yaani kutuliza. Fikra zikishapoa, mwanafunzi hurudia mstari mmoja wa Maandiko, kisha humwomba Mungu kile anachopungukiwa, kama vile imani au upendo. Nashikilia kwamba utulivu wa namna hii humpa mtu nguvu kwa sababu humzoesha kuutazama ukweli bila kuukimbia.

Wapo wanaosema Wayahudi wameazima tafakuri kwa Wabudha. Ni kweli kwamba mazoezi ya umakinifu yanayovuma leo yalishika kasi baada ya Jon Kabat-Zinn kuanzisha mafunzo yake Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, akichota katika Ubudha. Lakini Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200, inasimulia kuwa wacha Mungu wa kale walikaa kitambo cha saa moja kabla ya kusali ili kuuelekeza moyo kwa Mungu. Kuelekeza moyo huko huitwa kavana, na anayetia nia kabla ya swala ataelewa mara moja. Wengine hudai faida za tafakuri zimetiwa chumvi. Kwa kiasi fulani wana haki: mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la JAMA Internal Medicine, yaliona mazoezi ya umakinifu yakipunguza wasiwasi na sonona kwa kiasi kidogo hadi cha wastani tu, bila ushahidi kwamba yanashinda dawa au mazoezi ya mwili. Basi tusiyaite tiba ya kila kitu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: utulivu una faida gani mbele ya ukatili? Septemba 1939 mashambulizi ya Wajerumani yalimuua mwana wa pekee wa kiume wa Shapira pamoja na mkwewe. Novemba 1940 ghetto ya Warsaw, mtaa ambamo Wajerumani waliwalazimisha Wayahudi kuishi, ilifungwa, watu zaidi ya 400,000 wakiwa ndani. Humo rabi aliendelea kuhubiri siku za Sabato hadi Julai 1942, akiyaandika mahubiri yake. Yalifukiwa ardhini katika debe la maziwa, yakafukuliwa mwaka 1950. Mwenyewe aliuawa Novemba 1943. Utulivu haukumwokoa, na anayeahidi kwamba utaokoa anadanganya.

Hata hivyo, maandishi yale yanaonyesha kile ambacho utulivu ulimpa. Mwishoni mwa 1942 alirudi kwenye hubiri la awali, alikokuwa amewafariji watu kwa kufananisha mateso yao na ya mababu, akaongeza maelezo kwamba ulinganisho huo haufai tena, kwani msiba huu haukuwa na mfano. Moyo unaotafuta kujiliwaza ungeyaacha maneno ya kwanza yabaki. Yeye, aliyefiwa na aliyezungukwa na kifo, alishika kalamu akasahihisha. Mkono ule ulikuwa wa mtu aliyejizoesha miaka mingi kukaa kimya na kinachomuumiza, bila kukifukuza wala kukifuata.