Kutoka Mbwaa hadi Meru

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru huuona Mlima Kenya kushotoni mwake. Wengi hupita huko wakakwee hadi Lenana, mita 4,985, kwa njia ya Chogoria. Sisi wa Pwani tuna jambo jingine la kufuata. Wazee wa Kimeru husimulia kuwa asili yao ni Mbwaa, kisiwa ambacho baadhi ya wanahistoria hudhani ni Manda, jirani ya Lamu. Huko walitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, hata Koomenjoe akayapiga maji kwa fimbo, yakaachana, nani asiyemkumbuka Nabii Musa (a.s.)? Waliovuka usiku wakaitwa weusi, wa alfajiri wekundu, wa mchana weupe. Watoto watauliza Nguo Ntune walikuwa nani. Tuwaache wenyeji wajibu, nasi tusikilize, hata jibu likirudi pwani kwetu.