Kiasi cha Mafuta ya Karafuu katika Sabuni

Watu wengi hudhani kwamba sabuni ikinukia zaidi ndiyo bora zaidi. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipomsaidia mama mdogo kutengeneza sabuni huko kwetu Pemba. Yafaa nieleze yaliyotupata, kwani wako wenzangu hapa bwenini ambao mama zao hufanya kazi hiyo hiyo.

Tulikuwa na kilo moja ya mafuta ya nazi. Juu ya chupa ya manukato ya dukani niliwahi kusoma kwamba katika sabuni yasizidi 3 kwa mia, nami nikapiga hesabu: 3 kwa mia ya gramu 1,000 ni gramu 30. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini chupa niliyoishika siku hiyo haikuwa ya manukato yale. Ilikuwa ya mafuta ya makonyo. Nilipoyamimina, sabuni iliganda sufuriani kabla sijakoroga vizuri, tukaishindilia kisandukuni kwa mwiko kama watu wanaokandika nyumba. Tuliikata, tukaiacha ikauke wiki nne. Mdogo wangu akaiogea siku tatu. Siku ya nne shingo yake ilikuwa nyekundu na usiku hakulala kwa kuwashwa. Mama mdogo alikuwa amekwisha uza vipande sita. Akapita nyumba kwa nyumba kuvikusanya na kurudisha fedha za watu, nami nikabeba kikapu kwa aibu.

Sababu yake ni hii. Katika mafuta ya karafuu, zaidi ya 70 kwa mia kwa kawaida ni kitu kiitwacho yujenoli, ndicho kile kile ambacho waganga wa meno hukitumia. Kina tabia ya asidi kidogo, kwa hiyo hukutana na kostiki na kuifanya sabuni igande upesi. Tena huwasha ngozi, na mwili wa mtu ukikwisha kukikataa mara moja, huweza kukikataa siku zote, hata kikiwa kidogo. Kuikausha sabuni hakukiondoi. Mwaka 2003 nchi za Umoja wa Ulaya ziliagiza kwamba kikizidi 0.01 kwa mia katika kitu cha kuogea, jina lake lazima liandikwe juu ya kifuniko.

Basi kiasi gani? Katika kitu cha kupaka na kukaa mwilini, wajuzi hushauri mafuta ya karafuu yasipite 0.5 kwa mia. Sabuni huoshwa, na wako wanaothubutu kufika 1 kwa mia, lakini mimi naona heri kusimama pale pale kwenye 0.5, yaani gramu 5 kwa kilo ya mafuta ya nazi. Hicho ni kama kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo tumia mizani, maana vijiko vya nyumbani havilingani, na matone ndiyo zaidi. Ukichanganya karafuu na manukato mengine, karafuu ibaki katika mpaka wake. Mafuta ya maganda ya mdalasini ni makali kuliko karafuu, na mpaka wake ni mdogo zaidi. Kwa manukato ya dukani, mwombe muuzaji karatasi inayoonyesha kiasi kinachofaa kwa sabuni. Asiyekuwa nayo, nunua kwingine. Sabuni ya mtoto mchanga usiitie harufu yo yote.

Vile vipande vyetu hatukuvitupa. Tulipima sehemu moja ya sabuni ile kwa sehemu tano za sabuni isiyo na harufu, tukazikwangua zote, tukaziyeyusha pamoja kwa moto mdogo. Kwa hiyo 3 kwa mia ikagawanyika kwa sita, ikawa 0.5. Harufu ya karafuu bado ilisikika vizuri. Mdogo wangu hatumpi hata hiyo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne