Deki ya Asubuhi na Hewa ya Ndani ya Fremu

Hebu fikiria fremu ya kawaida ya duka, Bukoba mjini au kwenye senta za Muleba kama Kishanda na Kamachumu. Upana mita tatu, kina mita nne, kimo mita tatu. Mlango ni mmoja tu, wa mbele; nyuma ni ukuta mtupu. Ndani yake kuna mita za ujazo 36 za hewa, na hiyo ndiyo hewa atakayovuta muuzaji kutwa nzima. Jambo la kwanza analoifanyia asubuhi ni kuitimua vumbi kwa ufagio.

Vumbi lenyewe linatoka wapi? Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha usiku kuamkia asubuhi. Kwa hiyo duka linapofunguliwa, wateja wanaingia na tope jekundu kwenye viatu. Tope linakauka juu ya saruji, linasagwa na nyayo, linakuwa unga. Kesho yake unga huo unafagiliwa mkavu mkavu.

Sasa angalia fizikia yake. Chembe ya vumbi yenye upana wa mikromita 10, yaani kama moja ya saba ya unywele, ikirushwa hadi usawa wa pua huanguka kwa milimita 3 hivi kila sekunde. Baada ya dakika nane au tisa iko chini tena. Chembe ya mikromita 1, kama hewa imetulia, inahitaji karibu saa 12 kushuka umbali huohuo. Umeona tatizo? Zile unazoziona ziking'aa kwenye mwanga wa mlangoni si za kukuogopesha sana, maana nyingi hunaswa puani na kooni. Zile usizoziona ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na muuzaji anaendelea kuzivuta hadi jioni.

Dawa yake ni rahisi mno: nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, au piga deki moja kwa moja kwa tambara lililokamuliwa vizuri. Maji hushikanisha chembe. Ila badilisha maji ya ndoo. Ukideki na maji ya tope unapaka tu sakafu udongo laini, utakaokauka na kupanda tena. (Wazee wa Kihaya walikuwa na njia yao: sakafu ya nyumba ilitandikwa nyasi, na nyasi zikichakaa zinatolewa nje na kubadilishwa. Uchafu unaondoka pamoja na tandiko.)

Halafu kuna kung'arisha. Sakafu ya saruji nyekundu bila nta haina heshima, si ndiyo? Wengine huichanganya nta na mafuta ya taa ili ienee, au hutia mafuta hayo kwenye maji ya deki yafukuze sisimizi. Tupige hesabu ndogo. Mililita 100 za mafuta ya taa ni kama gramu 80. Zikigeuka zote kuwa mvuke ndani ya fremu yetu iliyofungwa, ni zaidi ya gramu 2 kwa kila mita ya ujazo. Taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mvuke wa mafuta ya taa usizidi miligramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku ya kazi. Hiyo ni zaidi ya mara 20. Kweli, hayageuki mvuke yote kwa mara moja. Yanaruka taratibu, ndiyo maana harufu inakaa duka zima hadi kesho na kesho kutwa.

Na tunapaka nta saa ngapi? Jioni, wakati wa kufunga, ili watu wasikanyage. Kwa mapafu, huo ndio wakati mbaya kuliko yote: mvuke unafungiwa usiku kucha, na anayefungua asubuhi anaupokea wote. Afadhali mchana wa siku ya mapumziko, mlango wazi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko Ziwa Victoria, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Ni feni ya bure.

Tuje kwenye klorini. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera. Hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2, watu tisa walikuwa wamehesabiwa kuugua na sita kati yao walifariki. Katika mlipuko kama ule, klorini ya asilimia 0.5 kwenye sakafu ya zahanati ni lazima, tena baada ya kuosha kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu huila nguvu klorini. Lakini duka la sukari na vocha siku ya kawaida linatosheka na sabuni na maji. Harufu kali si ushahidi wa usafi. Na kamwe usiichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi: inatoka gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Anayeumia zaidi ni yule aliyeshika tambara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia watu 6,235 kwa miaka 20 hivi. Wanawake waliofanya usafi, kazini au nyumbani, uwezo wa mapafu yao ulishuka haraka kuliko wa wanawake wasiofanya usafi. Kule hawatumii mafuta ya taa. Ni dawa za kawaida za dukani.

Mimi lawama nyingine naipeleka kwa sisi tunaojenga. Hewa haipiti chumba chenye tundu moja. Inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kama unajenga fremu za kupangisha, mwambie fundi aweke tofali mbili za matundu juu kwenye ukuta wa nyuma, na wavu wa mbu. Na kama fremu imeshajengwa, ongea na mwenye nyumba kabla hujalipa kodi ya miezi sita, maana ukishalipa hatakusikiliza.