Injini Ikizimika Juu ya Michai

Watu wa Bomet na Sotik hawajaisahau tarehe 10 Juni 2008. Siku hiyo Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na waziri wa Barabara, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, walifariki pamoja na wenzao wawili baada ya ndege ndogo aina ya Cessna, iliyokuwa ikiwapeleka Kericho, kuanguka Narok. Ile haikuwa helikopta. Hata hivyo, msiba kama huo huacha swali kila chombo kinapopita juu ya paa: injini ikizimika, si kitaporomoka kama jiwe?

Helikopta haiporomoki hivyo, mradi rubani awahi. Mapanga yake hufungwa kwenye injini kwa namna inayofanana na gurudumu la nyuma la baiskeli: ukiacha kukanyaga pedali mteremkoni, gurudumu linaendelea kuzunguka. Injini ikikata, rubani hushusha papo hapo wenzo ulio kushoto kwake ili mapanga yalale. Chombo kinaanza kushuka, na hewa inayopanda kutoka chini inayazungusha mapanga yale yale. Marubani huiita hali hiyo otorotesheni. Sekunde moja au mbili za kusita zinatosha kuyapotezea mapanga kasi, na kasi hiyo ikipotea kabisa hairudi.

Akiwahi, atashuka futi 1,500 hadi 2,000 kwa dakika huku akisonga mbele. Karibu na ardhi huinua pua ya chombo kupunguza mwendo, kisha huvuta wenzo juu na kutumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kulainisha mguso. Nguvu hiyo ni ya mara moja tu. Hakuna kujaribu tena.

Kwa hiyo kimo ndiyo akiba ya rubani. Futi 1,000 juu ya ardhi humpa takriban nusu dakika ya kuchagua pa kutua. Helikopta iliyo chini na inayokwenda polepole, hasa inapotoka tu kupaa, haina akiba hiyo. Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya kijeshi aina ya Huey iliyombeba Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ilianguka Elgeyo Marakwet muda mfupi baada ya kupaa kutoka shule ya Cheptulel. Watu 10 kati ya 12 walifariki. Uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ulielekeza kwenye hitilafu ya injini.

Sasa tuje Kericho. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya tano. Mapanga hukamata kidogo, na mshuko huwa wa kasi zaidi. Alasiri hufunga mawingu ya radi na mvua ya mawe, na rubani anayekwepa wingu kwa kupita chini yake anaitumia akiba yake kabla injini haijamsaliti. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko injini yenyewe. Mheshimiwa aliyechelewa harambee asimhimize rubani apenye.

Halafu kuna udanganyifu wa michai. Kutoka juu inaonekana kama zulia lililotandazwa vizuri. Chini ya zulia hilo kuna mashina magumu yanayofika kiunoni, tena kwenye miteremko. Miguu ya helikopta ikinasa humo, chombo hupinduka. Pembeni kuna mikaratusi na nyaya za umeme. Rubani makini anaporuka huku huwa tayari ameshahesabu malisho ya ng'ombe, viwanja vya shule, na viwanja vya mpira vya vijiji vya wachuma chai.

Viwanja hivyo ndivyo hujaa watoto helikopta inaposikika. Walimu na wazazi, ikitua ghafla, wazuieni watoto na wapisheni uwanja. Msiikaribie mpaka mapanga yasimame kabisa. Panga la mkiani huzunguka kwa kasi hata jicho lisilione. Na kama imetua mteremkoni, msiiendee kamwe kutoka upande wa juu: huko ndiko mapanga hupita karibu zaidi na kichwa cha mtu.